Vijana wa droni wafundishwe rula ya hesabu

Juzi nimetoka Lushoto na hadi leo roho inaniuma. Vijana wawili, wazuri kabisa na kazi wanaipenda, wameenda kupiga shamba moja picha za kuchorea ramani, wameanzia bondeni, droni wakaipandisha mita 120, programu ikawaandikia ovalapu (sehemu ya picha inayorudiwa kwenye picha inayofuata) 75% wakaamini. Sasa lile shamba linapanda mlima! Kule juu ardhi imeinuka mita 60, kwahiyo droni imebakiwa na mita 60 tu, picha inashika nusu ya ilichokuwa inashika bondeni na bado inapigwa kwa umbali uleule, ovalapu imeshuka mpaka 50. Picha zikagoma kuungana, siku nzima imeenda, wananiuliza eti labda kompyuta ina RAM ndogo.

Jamani hii ni hesabu ya dakika moja.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na rula ya hesabu, ile ya kusogeza ulimi katikati, imeshakuwa ya njano kwa uzee. Anakuuliza: lenzi milimita 152, ndege iko mita 3,040 juu ya ardhi, skeli ngapi? 1:20,000. Filamu ni sentimita 23, basi picha moja inashika kilomita 4.6. Unataka ovalapu 60%, unasogea ile 40 iliyobaki, kilomita 1.84, na ndege ikienda 240 kwa saa unapiga kila sekunde 28 hivi. Na ile rula haikuonyeshi nukta ya desimali inakaa wapi, lazima kichwani ujue kwanza jibu ni 2.8 au 28 au 280, ndo maana nasema inafundisha. Ukizoea hivyo, namba ya uongo unaiona kabla hujaruka.

Skwadroni ya 82 ya RAF, jeshi la anga la Uingereza, ilipiga picha Afrika Mashariki miaka ya 1940 mwishoni, ramani zetu nyingi za zamani zimetoka kwenye picha za namna hiyo, na kwenye ndege hakukuwa na tablet.

Haya, programu za kufuata mwinuko wa ardhi zipo, nakubali, na zinafanya kazi vizuri. Lakini nani ataiwasha kama hajui kwamba mlima unakula ovalapu? Vyuo vifundishe hili wiki ya kwanza, kabla mtu hajashika rimoti.

Yule mdogo nilimpa karatasi na kalamu. Akapiga hesabu mara mbili, akanyamaza, akauangalia ule mlima, halafu akaenda kuchaji betri turudie.