Tamasha la Familia, Bahari Haikualikwa

Idi pili nilitoa elfu themanini getini: mimi, mke wangu, wanangu watatu na mpwa wangu. Bango lilisema "Tamasha la Familia Ufukweni, kuanzia saa tisa alasiri". Sitaji ufukwe. Mlioenda mnajua, na viatu vyenu bado havijakauka.

Saa kumi na nusu lile jumba la upepo la watoto kurukia lilikuwa linaelea. Vijana wanne wameng'ang'ania kamba, jenereta inakimbizwa kwenye minazi, na MC anapayuka, "Watoto wa Dar mpooo?" Walikuwepo, maji magotini.

Jamani, huu si mji wa pwani? Idi el-Fitri inafuata mwezi kuandama, na mwezi ukiandama maji ni bamvua, yaani hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Bamvua la kwetu hujaa mida ya saa kumi, alfajiri na alasiri, hupwa mida ya saa nne. Kati ya kupwa na kujaa maji hupanda zaidi ya mita 3. Ufukwe uliouona asubuhi ukipanga mahema, alasiri haupo! Hakuna siri hapo, mtoto yeyote wa Msasani aliyekulia ngalawani atakwambia bure. Kamati ilikuwa na mtu wa sauti, mtu wa taa, mtu wa kupiga picha za angani. Mvuvi hata mmoja hakuulizwa.

Muuza mihogo aliyekuwa karibu nasi alihamisha jiko lake saa tisa kasoro, taratibu, bila kumwambia mtu. Nilidhani kafukuzwa. Baadaye nikampelekea mia tano ya mhogo na pilipili, akaniuliza, "Kwani hawa wenzetu walikuja na mashua?"

Haya, vyoo vilikuwa visafi, na hilo si dogo kwa Dar. Nyimbo za matusi mbele ya watoto wa chekechea nimeziacha, nitapandisha presha bure. Maji ya kunywa buku mbili, nayo nimeacha.

Lakini mpwa wangu ana miaka minne. Wimbi moja lilirudi na mchanga wa chini ya miguu yake, akakaa chini, maji yakamfika shingoni. Nilikuwa nimemshika mkono. Je, kama ningekuwa kwenye foleni ya koni? Tangu siku ile nikifumba macho naiona ile kofia yake nyekundu, na sioni kichekesho tena.

Kurudishiwa kiingilio? Waliniambia bahari ni "nje ya uwezo wa waandaaji".

Idi el-Fitri ijayo familia yangu itakuwa pwani saa tatu asubuhi, maji yanapwa, mchanga mpaka macho yachoke, mpira na kaa wa kukimbizwa, kiingilio hakuna. Wauza mihogo saa hizo wengi hawajawasha jiko, kwa hiyo mke wangu kashasema atapika vitumbua.