Ruta za nyumbani wakati wa kimbunga: Mtwara na Lindi zitegemee nini?

Mei 2024 pwani ya kusini ilipigwa mara mbili ndani ya siku chache. Mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Kisha tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Siku hiyo ya pili ruta zilikuwa zinawaka kama kawaida, ila ujumbe wa WhatsApp kutoka Shangani, Mtwara, kwenda mtaa wa jirani bado ulihitaji seva za ng'ambo.

Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa na mtandao wa meshi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, walipendekeza ruta za majumbani ziwe na swichi ya dharura: maafa yakitokea, kila ruta inapokea ujumbe na kuurushia ya jirani, kama watu wanaopokezana ndoo kuzima moto, bila kumpitia mtoa huduma yeyote.

Kiufundi, wazo hili ni sahihi. Ruta inayokubali OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta), yenye angalau MB 8 za hifadhi na MB 64 za RAM, inaweza kuendesha 802.11s au batman-adv, mifumo miwili ya kuunganisha ruta kuwa meshi. Zote ziwe na chaneli moja, jina moja la meshi na nywila moja. Ikitofautiana moja tu, ruta hiyo inabaki pekee yake. Ruta yenye redio moja hupoteza takriban nusu ya kasi kila ujumbe unaporuka: 40 Mb/s zinakuwa 20, kisha 10, kisha 5. Kwa video ni hasara. Kwa maandishi, kama orodha ya waliofika kituo cha hifadhi au maombi ya dawa kwenda Hospitali ya Ligula, zinatosha na kubaki.

Tatizo letu ni idadi. Darmstadt ni mji wa nyumba zilizobanana, karibu kila moja ina ruta. Huku kaya nyingi zinaishi kwa bando la simu au mifi, kile kifaa kidogo cha intaneti cha kubeba mkononi, na mifi haiwezi kazi hii. Ruta nyingi zinazotolewa na kampuni za simu nazo zimefungwa, hazikubali programu nyingine. Mawimbi ya waifai ya 2.4 GHz hufifia kwenye majani mabichi ya minazi na mikorosho, na bati huyarudisha. Nyumba tano zisizo na ruta zikifuatana, mnyororo umekatika.

Umeme ni mtihani mkubwa zaidi, na hapa ndipo mipango mingi hufa. Ruta ya wati 6 ikiwekwa kwenye betri ya risasi na tindikali ya 12V 7Ah, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, inakaa saa 7 tu. Kwa siku nzima inahitajika 26Ah, na paneli ya wati 100, kwa sababu baada ya kimbunga jua halionekani upesi. Usiiunganishe ruta moja kwa moja na betri: sola inapochaji, volti hupanda hadi 14.4 na ruta ya 12V inaweza kuungua. Weka kidhibiti cha volti katikati.

Kwa hiyo sishawishiki na meshi ya kila nyumba. Ninachokiunga mkono kwa moyo wote ni vituo kumi au kumi na mbili vilivyoandaliwa mapema: ofisi za kata, zahanati, shule, misikiti yenye minara. Ruta za nyumbani zilizo karibu zijiunge kama nyongeza, kwa mtandao wa wageni uliotengwa na kompyuta za mwenye nyumba. Kuvuka ghuba kutoka Lindi mjini hadi Kitunda kunahitaji antena za kuelekezwa. Zijaribiwe maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua, maana mawimbi yanayoakisiwa na bahari hubadilika na kina chake. Kiungo kizuri asubuhi kinaweza kufifia alasiri. Vifaa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Kila kituo kiwe na seva ndogo ya maongezi, hata Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu), kwani meshi bila huduma ya ndani ni waya mtupu. Simu nazo zina kero yake: zikigundua hakuna intaneti, nyingi huiacha waifai na kurudi kwenye data. Watu waoneshwe kuzima data na kukubali kubaki kwenye waifai.

Tahadhari yenyewe iachiwe redio ya FM na vipaza sauti; kaya isiyo na simu janja inavisikia. Meshi ni ya saa za baada ya upepo.

Msimu wa vimbunga huanza Novemba. Jumamosi moja ya Oktoba, zima umeme na intaneti kwenye vituo vyote kwa saa 24, tuma orodha ya majina 200 kutoka kituo cha mbali kabisa, kisha andika ni kituo kipi kilizimika kwanza na saa ngapi.