Mteule Akiwa Msichana

Vijana wa Kigoma wanaoingiziwa tamthilia kwenye flashi pale Mwanga wengi hawajagusa The Wheel of Time, riwaya nene za njozi za Robert Jordan. Kwao hadithi hiyo ni ile ya televisheni, iliyoanza 2021 ikakatishwa 2025 baada ya misimu mitatu. Wenye manung'uniko ni wasomaji wa tangu kitabu cha kwanza, cha mwaka 1990. Vitabuni, mteule anayesubiriwa, Joka Aliyezaliwa Upya, ni mwanamume tu. Msimu wa kwanza ukasema huenda akawa msichana.

Nadhani wana hoja. Katika ulimwengu wa Jordan nguvu ya uchawi ina nusu mbili, ya kike na ya kiume, na ya kiume imetiwa uchafu: mwanamume anayeitumia mwisho wake ni wazimu. Ndiyo maana mkombozi mwenyewe anaogopwa kama adui. Ukisema anaweza kuwa Egwene au Nynaeve, wanawake wawili wa hadithi hiyo ambao nusu yao ni safi, hofu hiyo inalegea. Waandaaji walipata fumbo la kututia hamu, wakapoteza kitisho kilichobeba hadithi nzima.

Tena walibadilisha pasipohitaji sana. Vitabu hivyo vimejaa wanawake wenye mamlaka. Wafalme huwanyenyekea wachawi wa kike wa Mnara Mweupe. Kilichochakaa ni ile tabia ya wanaume na wanawake kusimangana sura baada ya sura, kila upande ukiamini mwingine hauna akili. Hapo ndipo kalamu ilihitajika.

Lakini wapo wanaokataa mabadiliko yoyote, wakidai zamani ndivyo ilivyokuwa, mwanamke hakutawala. Hao wasije kusema hivyo Kasulu. Mwami, yaani chifu, Theresa Ntare alishika utawala wa Heru, huko Buha, nchi ya Waha, miaka ya 1940, na aliendelea hadi enzi za machifu zikaelekea ukingoni baada ya uhuru. Ikiwa Buha halisi iliweza kuwa na mwami mwanamke, nchi ya kubuni yenye mazimwi inashindwaje?

Kinachoniudhi zaidi ni nyongeza za juujuu. Tamthilia hiyo hiyo iliyojisifu kwa wasichana wake ilimpa Perrin, mmoja wa vijana wakuu wa hadithi, mke, Laila, ambaye vitabuni hakumwoa, kisha ikamfanya mumewe amuue kwa bahati mbaya katika sehemu ya kwanza kabisa, ili kijana apate majonzi ya kubeba. Si hiyo peke yake: The Hobbit, riwaya ya Tolkien ya 1937, haina mwanamke safarini. Filamu ya 2013 ikamwongeza Tauriel, shujaa wa upinde, halafu ikamwingiza kwenye mapenzi ya pembe tatu. Idadi ya wanawake imeongezeka, sawa, ila kazi waliyopewa ni ya kumhudumia mwanamume.

Mwandishi Ursula K. Le Guin alifanya vingine. Kitabu cha kwanza cha Earthsea, mfululizo wake wa riwaya za njozi, 1968, kina shule ya wachawi isiyopokea wanawake. Mwaka 1990, katika Tehanu, hakuifuta sheria hiyo. Alirudi kwa Tenar, mhusika wa kitabu cha awali, sasa mjane wa mkulima anayelea mtoto aliyeunguzwa moto, akaitazama dunia ileile kutoka jikoni na shambani, na uonevu wake ukaonekana. Mtayarishaji atakayeichukua Earthsea leo ana kazi hiyo tayari mezani, imeandikwa na mwenye hadithi mwenyewe.