Kukubali matokeo si kunyamaza
Mwandishi wa makala moja anasema walioshindwa uchaguzi Uingereza wakubali matokeo na wanyamaze. Kukubali, sawa. Kunyamaza, hapana! Katika uchaguzi wa bunge wa 2015 chama cha UKIP, kilichotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, kilipata kura karibu milioni 3.9 kikaambulia kiti kimoja tu. SNP cha Waskoti, chenye kura chini ya milioni 1.5, kikaondoka na viti 56. UKIP sikipendi hata kidogo, lakini kura ni kura. Mtu kapanga foleni, katumbukiza karatasi yake sandukuni, halafu kwa sababu wenzake wametawanyika majimbo yote badala ya kujazana sehemu moja, sauti yake haifiki bungeni. New Zealand walikuwa na mfumo huohuo, wa kila jimbo kumpa kiti anayeongoza kwa kura na wengine kutoka mikono mitupu, wakauacha. Tangu 1996 viti vyao vinafuata uwiano wa kura.