Kwenye filamu za visiwa, stelingi hushuka melini

Juzi usiku nilikaa benchi la nyuma kwenye kibanda umiza, hapa Kilwa Masoko, nikatazama filamu ya kisiwa kilichopotea. Kisa chake unakijua hata kama hujaiona: dhoruba, ukungu, meli inagonga mwamba, wazungu wachache wanafika ufukweni, na msituni kuna macho yanawachungulia. Kijana aliyekaa mbele yangu ni mvuvi, magamba ya samaki bado yamemganda kwenye kiwiko. Stelingi alipompiga risasi mtu wa kisiwani, kijana yule alisimama akapiga makofi, na banda zima likashangilia. Mimi nilishindwa. Mama yangu ni mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, na ukitoka pale bandani, ng'ambo ya mlangobahari, ndiko kwao.

Filamu hizi nazipenda tangu utotoni. Kinachoniuma ni kwamba kamera huwa imepanda meli siku zote. Kisiwa hakina jana wala juzi, kinaanza kuishi siku mgeni anapokiona kwa darubini. King Kong ya mwaka 1933, iliyozaa nyingi za aina hii, inakiweka kisiwa chake mbali magharibi mwa Sumatra, yaani humu humu kwenye Bahari ya Hindi. Wenyeji wanapiga ngoma na kutoa kafara, basi. Chifu wao, aliyeigizwa na Mmarekani mweusi Noble Johnson, anataka kumnunua mwanamke wa kizungu. Hatuambiwi anavua nini, anafanya biashara na nani, wala babu yake alikuwa nani.

Sasa sikia kisa cha kwetu. Wazee wanasimulia kwamba Kisiwani kulikuwa na mkubwa akiitwa Mrimba. Akaja Mshirazi na vyombo vyake, akaomba kukaa. Mrimba akamtajia bei: nguo za kukizunguka kisiwa chote. Mgeni akazitandaza ufukweni, nguo kwa nguo, mpaka zikakutana. Mrimba akazikusanya, akahamia bara. Wakati ule maji yakipwa watu walivuka kwa miguu, naye akakusudia kurudi na vita. Yule mgeni akachinja, akasomea Kurani, na tangu siku hiyo mkondo haukukauka tena. Kisiwa kilichofanywa kisiwa kwa nguo na kisomo! Mwandishi gani wa filamu amewahi kubuni kitu kama hicho?

Na huo ni mwanzo tu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji. Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, bado lina birika la pembe nane juu ya mwamba. Nimekaa ukingoni mwake saa za alasiri, upepo wa baharini unaingia moja kwa moja, mawe ya matumbawe yamelika mpaka ukiyapapasa yanakukwaruza kiganja. Dhahabu ya Sofala, kusini huko pwani ya Msumbiji, ilipita hapa. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944. Kisiwa kama hicho kilipotea lini, na alikipoteza nani?

Meli yenye mizinga nayo ilikuja kweli, Julai 1505: Wareno wa Francisco de Almeida, wakaupora mji. Bila shaka kila mmoja mle melini alijiona stelingi. Filamu ya siku ile nataka ipigwe kutoka barazani kwa mtu, chakula kikiwa bado cha moto kwenye sahani.

Vijana wa Lindi na Mtwara wana kamera nzuri siku hizi, wanapiga harusi na nyimbo. Nawaomba waanze na Mrimba. Huyo ndiye stelingi ninayemtaka mimi. Picha ya kwanza: alfajiri, upande huu wa bara, mzee ameketi mchangani, marobota ya nguo yako nyuma yake, vijana wake wameshika mikuki. Wanangoja maji yapwe. Jua linapanda, maji hayashuki, na hakuna anayethubutu kumtazama usoni.