Kauboi wa Warhol hana ng'ombe

Tulipokuwa watoto, kwenye banda la video, ubishi wote uliishia kwenye maneno mawili: steringi hafi. Kauboi apigwe risasi, aangushwe na farasi, sisi tulijua atainuka tu. Kuchunga ng'ombe sikuwahi kumwona, wala sikujiuliza wako wapi.

Andy Warhol, msanii wa Marekani wa sanaa ya "pop", ile inayochota picha za matangazo na sinema, naye nadhani alilelewa hivyohivyo, ila banda lake lilikuwa Pittsburgh, kwa wazazi wahamiaji kutoka kijiji kilichoko Slovakia ya leo. Mwaka 1963 alichapa sura ya mwanamuziki Elvis Presley kutoka kwenye picha ya matangazo ya sinema: miguu kaitanua, bastola kaielekeza kwako wewe unayetazama. Nyuma yake hakuna jangwa wala farasi. Ni rangi ya fedha tupu, kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Kwenye baadhi ya turubai yuko mara mbili, mara tatu, mmoja kamlalia mwenzake.

Mwaka huohuo Warhol na wenzake walisafiri kwa gari kutoka New York hadi Los Angeles, kwenye maonyesho ya hao Elvis. Akavuka Magharibi yenyewe, ile ya makauboi. Alichokuja kusimulia ni barabara kuu: kadiri walivyosonga magharibi, ndivyo kila kitu kilivyozidi kuonekana "pop". Wapo wanaomwona mtu mtupu kwa hilo. Mimi namwona mkweli.

Ninapogombana naye ni kwenye chapa zake kumi za mwaka 1986, "Cowboys and Indians", yaani makauboi na Wahindi Wekundu. Jenerali Custer wa jeshi la Marekani kakunja mikono, masharubu yamechanwa, kijana mtanashati. Huwezi kudhani huyu ndiye aliyeuawa pamoja na askari wake kule Little Bighorn mwaka 1876, walipokwenda kuwavamia Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa nchi ile. Steringi hafi! John Wayne, steringi wa sinema za kauboi, yumo pia, naye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Marion. Rangi tamu zimemwagwa kwa wote sawasawa, aliyenyang'anya na aliyenyang'anywa, na hapo mimi siridhiki.

Lakini kwa Geronimo namnyooshea mikono. Mzee huyu wa Waapache, wenyeji wengine wa nchi ile, alijisalimisha kwa jeshi la Marekani mwaka 1886, miaka 100 kamili kabla ya chapa hii. Mwaka 1904, akiwa bado mateka wa vita, alipelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis, akawa anauza picha zake mwenyewe na vifungo vya koti lake. Biashara ya sura yake aliifanya Warhol hajazaliwa. Mwaka uliofuata akapandishwa farasi kwenye gwaride la kuapishwa Rais Theodore Roosevelt. Akamwomba rais awarudishe watu wake Arizona. Akakataliwa.

Roosevelt naye yumo kati ya zile kumi. Mtoto wa tajiri wa New York, aliyeujua ukauboi kwa kununua ranchi Dakota. Geronimo alifariki Februari 1909 huko Fort Sill, ngome ya jeshi, bado mateka. Aprili, Roosevelt, urais umekwisha, akashuka Mombasa na bunduki zake. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 katika safari ile. Kwa Warhol, Geronimo na Roosevelt wamekaa pamoja, kila mmoja kwenye karatasi ya sentimita 91 kwa 91.