Runinga huiona bunduki inapolia tu

Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mwanamume wa makamo kutoka Uturuki, Yusuf Dikeç, alisimama kwenye mstari wa kulengea akiwa na fulana, miwani ya kawaida na mkono mmoja mfukoni. Alitoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10, timu mchanganyiko, akiwa na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Kim Yeji wa Korea Kusini, aliyepata fedha ya wanawake katika mchezo huohuo, naye akasambaa mitandaoni kwa uso wake usiocheka wala kununa. Kwa siku chache dunia iliwazungumzia walenga shabaha kwa furaha. Kisha kamera zikageuka, na mchezo ukarudi ulikokuwa, yaani usikoonekana.

Hata katika siku hizo chache, tulichoonyeshwa zaidi ni mkao, wala si mchezo. Sikumbuki kipindi kilichotulia kueleza kwamba katika bunduki ya upepo ya mita 10, duara la alama kumi lina upana wa nusu milimita, au kwamba wachezaji hujifunza kuachia risasi kati ya pigo moja la moyo na jingine. Mchezo huu ulikuwapo tangu Athens 1896, na Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki za kisasa, mwenyewe alikuwa mlenga bastola. Una historia ambayo mtangazaji yeyote angeililia. Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu London 1948 na tena Helsinki 1952. Lakini ni wangapi kati yetu tuliosikia habari zake kwenye runinga?

Hapa ndipo wamiliki halali wa silaha huanzia malalamiko yao. Nchini Marekani, ambako taasisi ya utafiti ya Pew mwaka 2023 ilikuta asilimia 32 ya watu wazima wakisema wanamiliki bunduki, mlalamikaji huyu ni mtu wa kawaida kabisa. Ni mwindaji, ni mama anayelenga visahani vya udongo kila wikendi, au ni mzee mwenye bastola kwenye sefu. Anasema anajiona kwenye skrini mara moja tu, pale utepe wa polisi unapofungwa. Nyuma ya mtangazaji hupachikwa picha ya meza iliyojaa silaha, na mara nyingi si zile zilizotumika kwenye tukio linalosimuliwa. Anaona amewekwa kundi moja na muuaji kwa sababu tu wote wawili wameshika chuma.

Wapo wenye ushahidi. Mwaka 2016 filamu ya hali halisi kuhusu silaha Marekani, ambayo mwanahabari Katie Couric ndiye aliyefanya mahojiano yake, ilionyesha wamiliki wa silaha wa Virginia wakiulizwa wahalifu na magaidi wangezuiwaje kununua bunduki kama wanunuzi hawachunguzwi. Kwenye skrini walikaa kimya kwa sekunde kadhaa, wengine macho chini, kama watu walioishiwa maneno. Rekodi ya sauti iliyotolewa baadaye ilionyesha kwamba walijibu papo hapo. Ukimya ule ulipandikizwa kwenye chumba cha uhariri. Couric alikubali kwamba kipande hicho kilipotosha. Kesi ya kashfa waliyofungua wamiliki hao ilitupwa, lakini mtu aliyekwisha kuishuku kamera hasubiri hakimu amwambie kama amedhulumiwa.

Kuna pia makosa ya kiufundi, na haya ni ya kila siku. Bunduki nusu otomatiki hutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa. Rashasha huendelea kumimina mpaka kidole kiachie. Marekani ilifunga usajili wa rashasha mpya kwa raia mwaka 1986. Mtangazaji anapozichanganya, mtazamaji anayezijua hukata shauri kwamba huyu hajui asemalo, na kila kinachofuata hakimwingii. Nakubali kosa hilo ni la aibu. Ila nimechoka vilevile na wale wanaoligeuza kuwa mlango wa kutorokea, kwamba kwa kuwa mwandishi amekosea jina la sehemu fulani ya bunduki, basi watoto waliouawa hawajadiliwi tena.

Sasa tuwasikilize watu wa chumba cha habari, maana nao wana la kusema, na lina uzito.

Mwaka 2002 huko Erfurt, Ujerumani, mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha aliua watu 16 katika shule aliyofukuzwa. Mwaka 2009 huko Winnenden, kijana wa miaka 17 aliua 15 kwa bastola ya baba yake, mlenga shabaha mwenye leseni, ambayo haikuwa imefungiwa. Aliyeua watoto 16 na mwalimu wao huko Dunblane, Scotland, mwaka 1996 alikuwa na bastola zake kihalali. Muuaji wa kambi ya vijana katika kisiwa cha Utøya, Norway, mwaka 2011 alipata bastola yake kwa kupitia uanachama wa klabu. Yule wa Christchurch, New Zealand, aliyeua waumini 51 misikitini mwaka 2019, alikuwa na leseni. Mhariri atauliza: kwa orodha hii, mnataka niikwepe klabu? Niseme silaha ilikuwa halali kwa sauti ya chini?

Hawezi, na asifanye hivyo. Katika matukio haya uhalali ndio kiini cha habari. Ulizo la bastola ya Winnenden ilikuwa imewekwa wapi lilizaa sheria: wakaguzi wa Ujerumani waliruhusiwa kufika kwa mmiliki na kuangalia anavyotunza silaha, hata kama hakuna anayemshuku. Baada ya Erfurt, umri wa kumiliki silaha za michezo zenye risasi kubwa ulipandishwa kutoka 18 hadi 21, na aliye chini ya miaka 25 akatakiwa kupimwa akili kwanza. Hizo ni hatua ambazo mlenga shabaha makini anaweza kuishi nazo, na hazikutokana na vyombo vya habari vilivyonyamaza.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Sheria za mwaka 1997 zilipiga marufuku karibu bastola zote katika England, Scotland na Wales, hata za mashindano. Wachezaji wa bastola wa taifa hilo walilazimika kufanya mazoezi nje ya nchi, na ilihitajika ruhusa maalumu ili Olimpiki ya London 2012 ifanyike kamili. Mtu anaweza kusema bei hiyo ilistahili kulipwa, na mimi sitabishana naye sana. Lakini ni bei, na watu walioilipa hawakuwa wamemkosea yeyote. Kipindi kinachosimulia Dunblane bila kuwataja hakijadanganya, ila hakijamaliza hesabu.

Kufikia hapa ni rahisi kusema kila upande una haki kidogo na kuagana. Mimi naona pande zote mbili zinakosea kwa kudhani kwamba runinga ina upande. Runinga hupenda tukio kabla ya kupenda siasa. Inahitaji kelele, saa maalumu, eneo la kusimamia na kamera, na mwisho unaojulikana. Bunduki iliyofungiwa sefuni miaka ishirini haina hata kimoja kati ya hivyo.

Angalia biathlon. Wikendi za majira ya baridi, mamilioni ya Wajerumani hukaa mbele ya runinga kuangalia watu waliobeba bunduki mgongoni wakiteleza thelujini, na hakuna anayeshtuka. Mchezaji hufika uwanjani moyo ukidunda kwa kasi, anajilaza, analenga shabaha tano za milimita 45 zilizo umbali wa mita 50. Akikosa moja, katika mashindano mengi anazungushwa njia ya adhabu ya mita 150 huku wenzake wakimpita. Hapo kuna mashaka kila sekunde, na runinga inaipenda bunduki hiyo bila shida yoyote. Shirikisho la dunia la kulenga shabaha lililiona hilo. Baada ya London 2012 lilibadilisha fainali zake: alama za mchujo zikafutwa, kila mtu akaanza sifuri, wa nyuma akitolewa mmoja mmoja. Wachezaji wengine walinung'unika, lakini watangazaji walipata walichotaka. Na usiku, kituo kilekile kilichoogofya watu kwenye taarifa ya saa mbili huonyesha tamthilia ambamo shujaa anamaliza kila ugomvi kwa bastola. Hiyo nayo ni taswira ya silaha, na sidhani kama kuna iliyo ya uongo zaidi.

Ukikubali kwamba tatizo ni njaa ya tukio, mambo mawili yanatoweka kwenye skrini kwa pamoja. La kwanza ni hilo la wamiliki, mamilioni ya siku ambazo hakuna kilichotokea. La pili hawalitaji sana, nalo ni vifo visivyo na kelele. Mwaka 2021 Marekani ilipoteza zaidi ya watu 48,000 kwa bunduki, na zaidi ya nusu yao, takriban 26,000, walijiua. Mauaji ya watu wengi kwa mkupuo, yale yanayojaza skrini kwa wiki nzima, ni sehemu ndogo sana ya jumla hiyo. Anayejiua kwa kawaida hatumii bunduki ya kutoroshwa mpakani, bali ile iliyomo nyumbani.

Kwa hiyo mmiliki anayedai aonyeshwe kwa haki anapaswa kujua anachoomba. Runinga ikifuata uwiano wa takwimu, itapunguza dakika za wauaji wa shuleni, ndiyo, lakini itazipeleka chumbani kwake, kwenye droo ya kando ya kitanda. Uswisi ilipunguza jeshi lake kuanzia 2003, na bunduki za jeshi zikapungua majumbani. Watafiti waliofuatilia wanaume wa umri wa jeshi walikuta kujiua kumepungua, na ni sehemu ndogo tu iliyohamia njia nyingine. Hiyo ni habari kuhusu silaha halali, zilizo mikononi mwa raia waaminifu, katika nchi inayopenda sana kulenga shabaha.

Wahariri wana utetezi wa heshima hapa: Shirika la Afya Duniani linashauri visa vya kujiua visielezwe kwa undani wa njia wala kupambwa kwa vichwa vya kusisimua, kwa kuwa wengine huiga. Ni ushauri sahihi. Lakini unahusu namna ya kusimulia kisa. Haukatazi kulizungumzia tatizo, sefu, kufuli, au jirani anayeweza kukutunzia bunduki unapopita kipindi kigumu.

Na kuna watu wa kuhojiwa. Mwaka 2009 katika jimbo la New Hampshire, wateja watatu tofauti walinunua bunduki katika duka moja ndani ya muda usiofika wiki, na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka alishtuka. Wauza silaha, walenga shabaha na wataalamu wa afya ya jamii wakakaa meza moja, wakatunga mwongozo wa kumsaidia muuzaji kumtambua mteja aliye hatarini na kujua lini akatae kuuza, pamoja na mabango ya kubandika dukani. Mpango huo umeigwa katika majimbo mengine. Ndani yake kuna mfanyabiashara anayekataa pesa, wapenda bunduki na madaktari waliozoea kutupiana maneno, na kazi inayoendelea mpaka leo. Mwandishi anayeshindwa kutengeneza nusu saa ya runinga kwa mali hiyo asimsingizie mtazamaji kwamba hapendi habari tulivu.